Leo Sikuingia Darasani

Wanangu,

Chakula kiko jikoni, kipasheni moto. Kitinda mimba wangu anywe dawa baada ya kula, si kabla. Na wewe kifungua mimba, vyombo havijioshi.

Nimekwenda hospitali. Msishtuke, siumwi mwili. Asubuhi nilifika shuleni nikajifungia stoo ya vitabu. Huwa naingia humo dakika tano kila siku, nalia kidogo, nanawa uso, kisha naenda kufundisha. Leo machozi yalikataa kukoma. Mwalimu mkuu akagonga: "Mwalimu, watoto sabini wanakusubiri." Nikamjibu, "Siwezi." Miaka thelathini na moja ya kushika chaki, sijawahi kulitamka neno hilo. Naye, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, akaketi sakafuni nje ya mlango akaningoja mpaka nikafungua. Kisha akaniandikia barua ya kumwona daktari.

~~Msimwambie baba yenu.~~

Mwambieni baba yenu. Nikirudi jioni huwa siongei naye, na anadhani nimemchoka. Mwambieni sijamchoka yeye.

Mama yenu