Kadi Niliyoiandika Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya tatu kwenye nyumba hii ya hifadhi. Bado navaa mikono mirefu, na joto lote hili! Mlezi wa nyumba – tunamwita Mama Funguo, hata sukari anaifungia – kaniuliza kazi yangu. Nikasema nashona nguo. Uongo gani huo! Miaka kumi na moja ya uuguzi, nimeshona watu, sijawahi kushona hata pindo. Nitasemaje? Muuguzi mzima, mtoa nasaha kwa wake za watu, kakimbia mume na mtoto mgongoni, ndala mguu mmoja. Kazini wanajua niko likizo, namuuguza shangazi.

Binti yangu amepewa kitanda cha juu. Anafurahia ngazi. Anauliza baba atakuja lini kuiona.

Jumanne, 5 Machi

Kaingia mwanamke na watoto wawili. Tumepangwa naye chumba kimoja. Nilimtambua kabla hajatua begi – si kwa sura, kwa kovu. Juu ya nyusi ya kushoto, nyuzi saba. Kazi yangu! Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nakumbuka vizuri. Mumewe alisimama palepale, akasema mke wake kateleza bafuni. Nami nikaandika kwenye kadi: ameanguka. Pale kliniki wote tunaandika hivyo. Ukiandika amepigwa, kuna fomu ya polisi, kuna kuitwa mahakamani, na foleni imejaa hadi mlangoni. Alinitazama nikiandika.

Hajanitambua. Siku ile nilivaa barakoa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeosha vyombo vya nyumba nzima ili nisikae naye chumbani. Mama Funguo kanitania, eti nikiendelea hivi yeye atakosa kazi. Nikacheka. Najichukia.

Alhamisi, 7 Machi

Kesi yake ni Jumatatu. Anaomba mume azuiwe kuwasogelea, na watoto wabaki kwake. Wakili kamwambia aje na kadi ya kliniki, ndiyo ushahidi wake mkubwa. Anayo! Miaka miwili ameificha kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto. Ila mwandiko wetu wauguzi hawezi kuusoma kabisa.

Nikisema ukweli, nitaitwa kutoa ushahidi. Kazini watajua nilipo na kilichonileta. Mume wangu naye atajua. Nikinyamaza, mwanamke huyu atasimama mbele ya hakimu na karatasi inayomwita muongo – kwa mkono wangu.

Jioni hii kanijia, kadi mkononi.

"Dada, hebu nisomee wewe. Nesi aliandika nini hapa?"

Nikamwambia ngoja nitafute miwani. Sina miwani! Sijawahi kuvaa miwani maishani mwangu. Nimejifungia bafuni na daftari hili, na kadi yake iko mapajani mwangu. Saini ni yangu, wala haijafifia.

Namsikia nje ya mlango, anambembeleza mwanawe.

"Tulia, mama mdogo anatafuta miwani. Akitoka tu, atatusomea."