Mama, Bwawa Limeshika Maji

Mama,

Bwawa limeshika maji. Nimeona nianze na hilo, maana najua hungepokea salamu zozote kabla ya kulisikia.

Mvua ilianza mwezi uliopita, ikitokea upande wa Kikopey. Wote walikimbilia ndani, mimi nikavaa gambuti zako, zinazonibana vidole, nikatoka. Ulikuwa ukifanya hivyo kila mvua. Tukikuita uingie, unajibu, "Nyinyi kunyweni chai. Mimi naangalia maji inaenda wapi." Yakituama, unapigilia kigingi. Yakikimbia, unapigilia kingine. Hatimaye ukachagua kona ya chini ya ploti, mbali na choo, mbali na mikaratusi, mahali maji ya barabarani yanapofika yenyewe. Ukaizungushia kamba. Kisha ukaugua, na kamba ikabaki.

Sasa nikueleze kilichotokea mwaka jana ukiwa bado mochari. Sijui kama huko mnapata habari.

Vijana wa mtaa walikuja kuchimba kaburi, kama ilivyo kawaida yetu. Walikuta vigingi na kamba, wakadhani tumeshapima. Nilipowapelekea chai walikuwa wamechimba hadi magotini. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Boss, mbona kaburi kubwa hivi? Ama mnajengea na simiti?" Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka nikaketi kwenye udongo nikalia.

Lakini kaka yako, Mjomba Kamau, hakucheka. Alisema shimo likishachimbwa kwa nia ya kaburi haliachwi tupu. "Leteni mgomba tuzike hapo badala ya mtu, tufunike, tumalize." Wazee wakaitikia. Nikaona bwawa lako linafukiwa kabla hata wewe hujazikwa. Nilitaka kusema kitu. Nani anabishana na mjomba wake siku kama hiyo?

Aliyesema ni Mama Chebet, jirani yako wa kule juu. Alisimama na sufuria mkononi. "Hiyo si kaburi. Hiyo kamba mimi nilishika upande moja, yeye akashika ingine. Alikuwa anapima bwawa." Mjomba akamtazama, akalitazama shimo, kisha akauliza tu kaburi lichimbwe wapi. Tukakulaza upande wa juu, karibu na mti wa avokado, ambapo kona yako yote inaonekana.

Baada ya mazishi vijana wale wale walirudi na sururu, wakasema hawawezi kuacha kazi ya mathe nusu. Waliichimba ikaisha. Nimetandika chini karatasi nene nyeusi ya plastiki, maana huu udongo wetu wa majivu unakunywa maji kama mgeni wa harusi. Mtaro nimeuchimba nikifuata vigingi vyako, kimoja baada ya kingine, na hakuna nilichohamisha.

Sukuma wiki tunamwagilia maji yetu wenyewe. Punda wa kuuza maji anapita langoni bila kusimama, nadhani tumemuudhi. Jumapili Mjomba alikuja, akanawa uso ukingoni.

Asante, Mama. Asante kwa kulowa kwa ajili yetu, na kwa mafua yote yale uliyokataa kuyanywea dawa. Nakukumbuka sana, lakini siku hizi nikikukumbuka natabasamu kwanza. Mfikishie Mama Chebet shukrani zangu kwenye ndoto, kwa sababu nikimshukuru mimi ananifukuza.

Kuna jambo moja zaidi. Mke wangu alijifungua msichana, na kwa vile ni binti yetu wa kwanza, amechukua jina lako. Tunamwita hivyo hivyo, bila kufupisha.

Basi pumzika. Nakuahidi kwamba kabla ya Jumamosi uzio utakuwa umelizunguka bwawa lote, kwa maana jina lako limeanza kutambaa, na kila likiwekwa chini linaelekea kwenye maji.

Mwanao,
Njoroge