Sauti ya Dada Yangu

3 Machi

Mjomba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na hapo dukani? Sisi hatujambo, isipokuwa mama. Kidonda cha koo kimepona, lakini daktari amesema wazi kwamba sauti haitarudi. Anatuandikia kwenye daftari.

Mwanangu ana miezi miwili, hajamsikia bibi yake akisema hata neno. Nilikuwa nampigia ule wimbo wa mama, ule mmoja aliorekodi na bendi. Ulikuwemo kwenye simu, kwenye huduma ya muziki ninayolipia kila mwezi. Jumatatu nimeutafuta, umeondolewa. Nimewauliza, wamejibu, "Haupatikani kwa sasa."

Kanda yake niliitupa tulipohama. Nilimwambia ya nini, kila kitu kiko kwenye simu. Wewe unayo?

Mpwa wako

11 Machi

Marahaba, mpwa wangu. Mgongo upo, unanidai heshima. Mpe dada yangu pole, na huyo mjukuu mbusu shavu la kulia, la kushoto niachie mimi.

Sasa kaa chini. Kwa hiyo sauti ya mama yako ulikuwa unaikodi kama viti vya harusi. Wenye viti wamekuja kuvichukua, wewe unashangaa mbona umekaa sakafuni. Na yote hayo umesoma mpaka ukavishwa joho. Mimi darasa la sita nililiacha likiwa bado linanihitaji, lakini muziki wangu naushika kwa mkono. Nina kanda elfu mbili na mia nne. Hakuna bwana mwenye tai atakayeingia humu aniambie wimbo haupatikani kwa sasa. Nitamwonyesha mlango, na mlango nimeununua pia.

Wimbo ninao. Tena mimi ndiye niliyekuwa nazirudufu kanda zote za ile bendi. Subiri wiki moja, uone tofauti ya mtu mwenye mali na mpangaji.

Mjomba wako, Mfalme wa Spika

20 Aprili

Shikamoo mjomba. Natumaini u mzima. Wiki imekuwa sita. Niliomba kanda, nikapata mahubiri. Mama kila siku ananiuliza kwa macho kama posta imekuja. Kama huna, sema.

Mpwa wako

2 Juni

Mpwa wangu, marahaba. Mgongo usiuulize.

Kanda ninazo kumi na moja. Nimezisikiliza zote, nikaandika kwa watu niliowauzia zamani, wakaniletea nne nyingine. Zote ni moja. Siku zile sisi tuliokuwa tunarudufu kanda tulikuwa tunapiga kelele zetu juu ya wimbo, ili mwenye duka la jirani asiibe. Mama yako anaanza ubeti wa pili, pale anaposhusha sauti mpaka nywele zinasimama, naingia mimi: "Hii ni halali ya Mfalme wa Spika, nyingine zote ni makopo matupu." Mara tatu. Na mwangwi niliuweka, nilikuwa nimenunua mashine mpya.

Hata ile kanda ya kwanza iliyozaa nyingine niliipigia kelele. Rekodi ya kwenye simu yako ilitoka redioni, na redioni hawakuniruhusu nisogelee maikrofoni. Sasa nawaelewa.

Nakutumia iliyo safi kuliko zote, pamoja na redio ya kanda, betri zimo. Usinilipe. Mwombe dada anisamehe. Mwenyewe sithubutu.

Mjomba wako

20 Juni

Mjomba, shikamoo. Redio imefika nzima.

Tuliiweka mezani, mtoto mapajani kwa mama. Mama akafumba macho. Ulipoingia alifumbua, akasimamisha kanda, akairudisha nyuma kidogo, akakusikiliza tena. Mara nne, mjomba. Mabega yanamtikisika, hata sijui alikuwa analia au anacheka. Kisha akavuta daftari na kuandika, nami nakunakilia kama alivyoagiza:

"Mwambie anyamaze, naimba."

Mpwa wako