Chupa Uliyonificha, Baba

Baba,

Kamwene, nakusalimu. Najua ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula.

Nimerudi kazini, kliniki ya Iyunga. Wagonjwa wanakuja na presha zao, nawaandikia dawa kama zamani. Ila kila mzee anayekaa mbele yangu ananikumbusha siku ile nilipokuja nyumbani Ubaruku nikakuta chupa ya mizizi iliyochemshwa chini ya kitanda chako. Niliimwaga uani, baba wadogo wakiangalia. Nikasema mtu mwenye mtoto daktari hanywi uchafu. Ukanijibu taratibu, "Sawa, daktari." Hukuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile.

Tangu hapo kila nikikuuliza, ulisema unameza vidonge vyangu vya presha tu. Hata ulipoletwa hospitali miguu imevimba, figo zimechoka, nilipokuuliza tena uligeukia ukutani.

Baada ya mazishi dada Tumaini akasema ukweli. Alikuwa anakuchemshia kila asubuhi, maana vidonge havikugusa maumivu ya magoti na mizizi iliyapunguza. "Baba alisema ukijua utamfokea." Nami, mbele ya baba wadogo, nikamwambia, "Basi wewe ndiye uliyemuua."

Baba, nilisema hivyo. Kwa mtu aliyekuosha na kukulisha.

Wala sijui kama ni mizizi. Huenda figo zilianza kuharibika kitambo. Ungeniambia ningekupima mapema, lakini mimi sikuwa mtu wa kuambiwa. Magoti sikuwahi kukuuliza. Presha tu, presha tu.

Juzi alikuja mama mmoja wa Makongolosi. Nilimuuliza nyumbani anatumia nini kinachompa nafuu. Alisita, kisha akatoa kichupa kwenye mkoba. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamweleza kwa nini nazihofia figo zake, tukakubaliana aache kwanza tumpime. Akakubali, akanishukuru. Kumbe ni jambo jepesi hivyo. Alipotoka nilifunga mlango nikalia.

Tumaini hapokei simu zangu. Nasikia hata kanisani haendi, kwa sababu watu wamelishika neno langu. Daktari kasema, wanasema. Nami nimekaa kimya muda wote huu, naona haya.

Jumamosi nakwenda Ubaruku. Nitawaita baba wadogo wakae, na mbele yao nitamwomba Tumaini msamaha, niwaambie kuwa wewe na yeye mlinificha kwa sababu mliniogopa. Asiponisamehe, nitarudi tena Jumamosi nyingine.

Lala salama, Baba. Dada yangu nitamtunza.

Ayubu