Matone Mawili ya Petroli

Baba watoto,

Ukirudi, chai ipo kwenye chupa. Msumeno wako wa injini usiuguse kabla hujamaliza kusoma.

Ni kweli jana niliyasugua madumu yako mawili ya petroli kwa nje mpaka maandishi ya "msumeno" na "jenereta" yakatoka. Lakini asubuhi ulivyonifokea! "Utaniulia mashine!" Eti msumeno ukinyweshwa petroli tupu ya jenereta, isiyochanganywa na oili, unakufa palepale. Ukaondoka umenuna.

Unajua mimi nikianza kudadisi situlii. Nikanusa madumu yote, harufu ileile. Nikatazama rangi, sikuona tofauti. Ndipo nikakumbuka karatasi ya kufungia chipsi, inavyobaki na doa hata ikikaa juani kutwa. Nikatoka uani, mbali na jiko, nikadondosha tone moja la kila dumu hapa mwishoni mwa karatasi hii. Petroli itakauka, oili itabaki.

~~Dumu lililoacha doa ndilo la msumeno, tumia hilo.~~

Hapana, nimefuta. Nimeshavaa viatu nikarudi kuchungulia: matone yote mawili yamekauka, karatasi nyeupe pe! Nikaingia stoo. Chupa yako mpya ya oili ipo rafu ya juu, kizibo hakijafunguliwa.

Kumbe hukuchanganya kabisa, mume wangu. Madumu yote mawili ni ya jenereta.

Jioni nataka uniombe radhi kwa sauti ileile ya asubuhi, majirani nao wasikie.

Mama watoto