Msumari wa Ovaroli

Wanjiru wangu,

Sasa? Huku Kawangware tuko salama. Goti la cucu, bibi yako, limepoa, ameanza tena kugombana na wapangaji.

Umeuliza kama ni kweli tulikunywa maziwa kuosha sumu ya risasi. Ni kweli. Miaka ya sabini nilikuwa nikiyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari, na saa nne kila mtu alipewa pakiti yake ya maziwa. Tukishakunywa, tunajiona tumepona. Ni Odhiambo tu, aliyetoka Kisumu Ndogo, aliyeoga kila jioni kabla ya kwenda nyumbani na kuacha ovaroli yake kwa msumari ukutani pale kiwandani. Tulimcheka eti anajifanya karani.

Siku moja nikamuuliza sababu.

“Maziwa yanaenda tumboni,” akasema, “lakini vumbi linabaki kwa nguo. Nikifika nyumbani mtoto ananirukia. Anakumbatia nini?”

Hakuwa amesoma hiyo kemia yako, lakini mwalimu kama yeye sijaona. Wakati huo baba yako alikuwa anajifunza kutembea, na kila jioni alinipokea mlangoni, uso wake kwa suruali yangu.

Kesho yake nilipigilia msumari wangu kando ya wa Odhiambo.

Guka wako