Baba, Nyumba ya Kaka Prosper Haikukaa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Bado niko Majengo kwa Fundi Shabani, najifunza kutengeneza modeli za nyumba. Ulikuwa unawaambia watu kanisani, "Huyu Felista wangu anajenga nyumba za panya," halafu unacheka mpaka unakohoa. Sasa najua kulikata kwa waya wa moto lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni. Najua gundi gani inaliyeyusha na ipi inashika. Kuta na madirisha natengeneza kwa plastiki ngumu. Vidole vyangu vimejaa makovu ya kuungua, ungeviona ungenigombeza.

Baba, nyumbani hakuna amani.

Kaka Prosper alikuja karakana kutoka Holili na ramani. Anataka kujenga nyumba ya wageni kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo kule Kilema, ya ghorofa, watalii wawe wanalala pale. Akasema, "Nimekuletea kazi, mdogo wangu. Tengeneza modeli, ukoo waione." Nilifurahi sana. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu.

Nikaanza na ardhi. Nilikata povu tabaka kwa tabaka, nikapanga mteremko wote, kuanzia barabarani hadi kwenye mfereji. Nikasimika migomba na mibuni. Nilipopima mahali pa kuweka nyumba, nikaona ngazi za mbele zinaangukia juu yako.

Nikampigia. "Kaka, kaburi la Baba liko wapi kwenye hii ramani?"

Akasema, "Tutalihamisha. Wewe usiliweke, Mama ataumia bure."

Nilimwuliza Fundi Shabani nifanye nini. Akazima mashine, akapangusa vumbi usoni. "Mteja ni kaka yako na kaburi ni la baba yako," akasema. "Mimi hapo siwezi kukuamulia."

Nililitengeneza, Baba. Kipande kidogo cha plastiki nyeupe, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini, na msalaba wake. Nikakibandika pale pale ulipo, kwenye migomba.

Jumapili baada ya misa ukoo ulikusanyika sebuleni nyumbani Kilema. Nikaweka ile ardhi mezani, Kaka akachukua ile nyumba niliyoitengeneza kuiweka mahali pake. Haikukaa. Ilibaki imeinama upande mmoja. Akaisukuma, ikainama tena.

Mama akasogea, akapapasa kwa kidole. "Hiki kinachozuia ni nini?"

Kaka alinitazama. Nilitaka kusema sijui.

"Ni Baba," nikasema.

Mama hakulia. Alitoka, akaenda kukaa kaburini kwako, tukamwona dirishani amejifunika khanga. Ndani Baba Mdogo akaanza kufoka, kila mtu akawa anasema lake. Kaka akaniambia, "Umenidhalilisha mbele ya ukoo." Akapanda gari lake. Hata pombe ya mbege aliyowekewa hakuigusa.

Ukoo umekataa, hakuna ujenzi. Nilidhani nitalala vizuri. Lakini Kaka hapokei simu yangu, wala ya Mama. Juzi nilipokwenda kumwona, Mama alikuwa anamenya ndizi, akasimama na kisu mkononi, akasema, "Kaburi ninalo. Mwanangu sina." Nikachukua kisu, nikaendelea kumenya mimi.

Sijutii kukuweka, Baba. Ila sikutaka kumpoteza yeye. Ningekuwa na akili ningempeleka kwanza peke yake akaone... sijui. Labda angekasirika vilevile.

Jumamosi nitapanda Kilema. Nitachuma jani la mmea wa sale pale mpakani mwa kihamba, nilifunge fundo kama wazee wetu wanavyofanya wakiomba amani, nishuke nalo Holili hadi mlangoni kwake. Asipolipokea nitaliacha kizingitini, na wiki inayofuata nitakwenda na jingine. Nakuahidi hilo.

Lala, Baba. Lala hapo hapo ulipo.

Mwanao,
Felista